NANI ATASHINDA? Tujifunze Kuzisoma Mbio za Baiskeli

(Mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo cha watu wazima, Tunduma na vijiji vya Mkoa wa Songwe)

 

Leo tutazungumza juu ya mbio za baiskeli. Najua wapo watakaouliza: "Mbio za baiskeli zinatuhusu nini sisi wakulima wa mahindi na kahawa?"

Zinatuhusu, ndugu zangu. Baiskeli ni chombo chetu. Inabeba gunia la mahindi kwenda mashineni. Inabeba ndoo za maji. Pale mpakani Tunduma, mizigo mingi inavuka kwenda Nakonde juu ya keria ya baiskeli. Hakuna kijiji katika mkoa wetu kisichoijua baiskeli.

Lakini kuna jambo jingine. Siku hizi vijana wetu wanapenda kutabiri. Wanashika simu, wanasema: "Fulani atashinda." Kisha wanaweka pesa. Ukiwauliza kwa nini fulani ashinde, wanajibu: "Ana jina kubwa." Basi! Hawana sababu nyingine.

Kutabiri bila kusoma ni kama kupanda mahindi bila kutazama mawingu. Sisi tumehitimu kisomo. Tunajua kusoma gazeti. Leo tujifunze kuzisoma mbio.

MBIO ZA SIKU MOJA NI ZIPI?

Kuna mbio za baiskeli za siku nyingi. Mbio kubwa za Ufaransa, Tour de France, huchukua wiki tatu. Huko, mtu akikosea leo anaweza kujirekebisha kesho.

Kuna pia mbio za siku moja. Watu wanaanza asubuhi, wanamaliza alasiri, na mambo yamekwisha. Ukikosea, umekosea. Hakuna kesho.

Huko Ulaya mbio nyingi za namna hii hufanywa mwezi wa Machi na Aprili. Kwao ndipo baridi inapoisha na majani yanaanza kuchipua. Kwetu Songwe ni miezi ya mwisho ya mvua, matope bado yapo. Na kwao pia kuna matope!

Mbio hizo ni za zamani sana. Mbio za Liège nchini Ubelgiji zilianza mwaka 1892. Mbio za kutoka karibu na Paris kwenda mji wa Roubaix, nchini Ufaransa, zilianza mwaka 1896. Mbio za Milan kwenda San Remo, nchini Italia, zilianza mwaka 1907, nazo zina urefu wa karibu kilomita 300. Fikiri mwenyewe. Kutoka Tunduma hadi Sumbawanga ni kilomita kama 223. Wao wanapita hapo na bado wanaendelea, kwa siku moja tu.

Sasa tujiulize: katika watu zaidi ya 150 wanaoanza, utajuaje nani atashinda? Nitawapeni maswali matano. Yashikeni kichwani, au yaandikeni kwenye daftari.

SWALI LA KWANZA: BARABARA IKOJE?

Usianze na jina la mtu. Anza na barabara.

Anayebeba mizigo kila siku pale Tunduma ana miguu yenye nguvu. Mwili wake ni mzito, na kwenye tambarare anakwenda vizuri. Lakini mpeleke kwenye milima ya Ileje ashindane na kijana mwembamba aliyezaliwa huko. Kijana mwembamba atamwacha. Mlima unapenda mtu mwepesi.

Huko Ulaya ni hivyo hivyo. Mbio za Liège zina vilima vingi virefu. Wepesi hushinda. Mbio za Roubaix hazina milima, ila zina barabara za mawe, jumla yake kama kilomita 55. Mawe hayo ni makubwa na hayakusawazishwa. Baiskeli inatikisika mpaka mikono inakufa ganzi. Huko anatakiwa mtu mzito kidogo, mwenye nguvu, na anayejua kuitawala baiskeli yake. Mathieu van der Poel wa Uholanzi alishinda Roubaix miaka mitatu mfululizo, 2023, 2024 na 2025. Mawe yale yanamfaa.

Basi mtu mmoja anaweza kuwa simba kwenye barabara hii, na kuwa mtu wa kawaida kwenye barabara ile.

SWALI LA PILI: UPEPO UNATOKA WAPI, NA NANI ANAJIKINGA?

Kila aliyepanda baiskeli wakati wa kipupwe anajua. Upepo ukitoka mbele, unakanyaga pedali lakini huendi. Ni kama unapanda mlima usioonekana.

Waendesha baiskeli wa mashindano wanajua dawa yake. Wanakwenda kwa kundi, gurudumu nyuma ya gurudumu. Aliye mbele ndiye anayepasua upepo. Aliye nyuma anajikinga. Anayejikinga vizuri anaweza kuokoa kama robo ya nguvu zake, na pengine theluthi.

Kwa hiyo usidanganyike ukimwona mtu yuko mbele saa nzima. Watu watapiga makofi: "Huyo huyo!" Lakini yeye anatumia akiba yake. Wenzake nyuma wanakula bure. Ni kama mtu anayelima shamba la jirani asubuhi mpaka jioni. Akifika kwenye shamba lake, hana nguvu za kuinua jembe.

Mjanja anakaa ndani ya kundi. Anatoka siku ikiwa imekwisha pevuka.

SWALI LA TATU: ANA WENZAKE?

Mbio za baiskeli anashinda mtu mmoja, lakini anashindiwa na wengi. Katika mbio kubwa za siku moja huko Ulaya kila timu huwa na watu saba. Mmoja ndiye anayetegemewa. Wengine wanamkinga upepo, wanamletea maji ya kunywa, na wanawafuata wanaotoroka. Mwenzao akipata pancha, mmoja anaweza kumpa gurudumu lake mwenyewe na kubaki kando ya barabara.

Sisi kazi hiyo tunaijua. Mtu akiezeka nyumba, majirani wanakuja kumsaidia. Nyumba ni ya mmoja, jasho ni la wote.

Kwa hiyo uliza: huyu mtu ana wenzake wenye nguvu? Watakuwa naye mpaka lini? Na je, timu ina wakubwa wawili? Hapo pana ujanja. Mkubwa mmoja akitoroka mbele, yule wa pili nyuma hana haja ya kumfukuza. Anawaambia wengine: "Fukuzeni ninyi!" Wakichoka kufukuza, yeye bado ana nguvu.

SWALI LA NNE: MWILI WAKE UKOJE SIKU HIZI?

Mwaka jana si mwaka huu. Shamba lililotoa magunia 20 mwaka jana linaweza kutoa 8 mwaka huu. Tazama mtu amefanya nini wiki hizi mbili zilizopita. Ameanguka? Ameugua? Amemaliza katika watu kumi wa kwanza? Jina kubwa linaweza kuwa limelala. Jina dogo linaweza kuwa linaamka.

SWALI LA TANO: WAKUBWA WANAMTAZAMA NANI?

Hili ndilo swali gumu, na wengi wanalisahau.

Wakubwa hutazamana. Huyu anasema moyoni: "Nikimfukuza anayetoroka, nitachoka, na yule atanipita." Yule naye anasema hivyo hivyo. Wote wanangojeana. Wakati huo mtu asiyetajwa na yeyote anakwenda zake.

Sasa maswali yetu matano tuyajaribu kwenye mambo yaliyotokea kweli.

KIJANA WA ASMARA

Biniam Girmay alizaliwa Asmara, nchini Eritrea, mwaka 2000. Nchi yake inapenda sana baiskeli. Alikwenda Ulaya kufanya kazi ya kushindana.

Tarehe 27 Machi 2022 zilifanyika mbio za Gent-Wevelgem nchini Ubelgiji. Urefu wake ulikuwa karibu kilomita 249. Watu wengi walitaja majina ya Wazungu waliozoea barabara zile. Girmay hakuwa hata na mpango wa kushiriki. Alikuwa arudi kwao kuona familia yake. Lakini siku mbili kabla, katika mbio nyingine huko huko Ubelgiji, alikuwa wa tano. Timu yake ikaona mwili wake uko tayari, ikamwomba abaki.

Mnaona? Swali la nne. Aliyesoma habari za siku mbili zile angeweza kumwona.

Barabara je? Mbio zile zina vilima vifupi vya mawe, kisha tambarare ndefu mpaka mwisho. Girmay anaweza kupanda vilima vifupi, na mwishoni ana mwendo wa kufyatuka. Barabara ilimfaa.

Baada ya kilima cha mwisho walichomoka watu wanne, Girmay akiwemo. Pamoja naye alikuwamo Christophe Laporte wa Ufaransa. Mkubwa wa timu ya Laporte, Wout van Aert wa Ubelgiji, alikuwa nyuma ndani ya kundi. Je, angemfukuza mwenzake? Hapana. Basi kundi likakosa mtu wa kulivuta kwa nguvu zote, na wale wanne wakaenda.

Walipokaribia utepe, Girmay hakungoja. Alifyatuka mapema, kabla wenzake hawajajiandaa. Laporte alijaribu kumfikia, hakuweza. Girmay akawa Mwafrika wa kwanza kushinda mbio hizo. Alikuwa na umri wa miaka 21. Mwaka 2024 alishinda siku tatu za Tour de France, akavaa na jezi ya kijani mpaka mwisho.

Na akina mama wasikilize hili. Tarehe 27 Aprili 2025, mbio za Liège za wanawake zilishindwa na Kim Le Court wa Mauritius, kisiwa cha huku kwetu Bahari ya Hindi. Walifika mwisho wanawake wanne pamoja. Mmoja wao alikuwa Demi Vollering wa Uholanzi, mwenye jina kubwa kuliko wote. Le Court akawapita wote.

DUNIA ILIPOKUJA KIGALI

Mwezi Septemba 2025 Mashindano ya Baiskeli ya Dunia yalifanyika Kigali, Rwanda. Ilikuwa mara ya kwanza kufanyika Afrika. Kigali ni mji wa vilima. Ukitoka bondeni unapanda, ukifika juu unashuka, kisha unapanda tena. Nao uko juu sana kutoka usawa wa bahari, kama ilivyo Tunduma yetu. Hewa yake ni nyepesi, mtu anatweta upesi.

Tarehe 27 walishindana wanawake, kilomita 164. Wengi walimtaja Vollering, na Pauline Ferrand-Prévot wa Ufaransa. Wakubwa hao wakatazamana. Huyu anangoja yule aanze. Mbele yao kikundi kidogo kikaenda. Ndani yake alikuwamo Magdeleine Vallières wa Kanada. Watu wachache sana walimtaja kabla. Kwenye kilima cha mwisho cha mawe aliwaacha wenzake, akawa bingwa wa dunia.

Swali la tano hilo!

Siku iliyofuata walishindana wanaume. Kilomita 267, na kupanda kwa jumla ya mita zaidi ya 5,000. Ni kama kupanda karibu Kilimanjaro nzima kwa baiskeli. Wakati huu jina kubwa lilikuwa Tadej Pogačar wa Slovenia, mtu wa milima. Mwaka 2024, katika mashindano kama hayo nchini Uswisi, alitoroka ikiwa imebaki kama kilomita 100. Watu walisema ni wazimu, lakini alishinda.

Kigali alifanya nini? Alichomoka ikiwa imebaki kilomita 104! Kwanza alikwenda na wenzake wawili. Baadaye aliwaacha, akaenda peke yake kilomita 66 mpaka mwisho. Aliyesoma habari za mwaka uliotangulia hakushangaa. Katika wote walioanza, waliofika mwisho walikuwa 30 tu.

Siku moja aliyetajwa sana alishinda. Siku nyingine asiyetajwa alishinda. Mji ule ule, vilima vile vile.

SASA TUSEME JUU YA PESA

Ndugu zangu, hapa nataka tusikilizane vizuri.

Mtu anaweza kusema: "Mwalimu, umetupa maswali matano. Sasa nikayatumie kubeti." Hapana! Maswali haya yanakupa macho ya kuona. Hayakupi uhakika.

Tazama mambo ya Kigali. Wiki ile ile, tarehe 21, zilikuwapo mbio za kila mtu peke yake, za kushindana na saa. Remco Evenepoel wa Ubelgiji aliondoka nyuma ya Pogačar, akamkuta njiani, akampita kabisa. Aliyeona hayo angesema: "Jumapili ijayo Evenepoel hashindiki." Jumapili ilipofika, baiskeli ya Evenepoel ilimpa shida. Aliibadilisha mara mbili. Alifukuza kwa nguvu zote, akawa wa pili. Je, ni nani angeweza kutabiri shida ya baiskeli?

Tazama na Roubaix ya Aprili 2025. Pogačar na Van der Poel walikuwa pamoja mbele. Kwenye kona moja Pogačar alikwenda kasi mno, akaanguka. Mambo yakaishia hapo. Kona moja tu!

Wanaoendesha biashara ya kubeti wanazisoma mbio kuliko wewe. Wana watu wa hesabu, wana mashine. Bei wanaipanga wao. Mkeka wako ukichanika, pesa inabaki kwao.

Pesa ya mbolea ni ya mbolea. Pesa ya daftari za mtoto ni ya daftari. Mtu akiweka pesa ya mbolea kwenye mkeka, hakuwatabiri waendesha baiskeli tu. Ametabiri na njaa ya nyumbani kwake, na hiyo haikosei njia. Tutabiri kwa furaha. Tubishane kilabuni na kijiweni. Anayekosea achekwe, yaishe. Mfuko usiguswe.

TUYATUMIE HAPA KWETU

Basi maswali haya yatusaidie nini? Yatusaidie kuandaa mbio zetu wenyewe, na kuwalea vijana wetu.

Tuseme vijiji vinataka kufanya mbio siku ya Nane Nane. Jambo la kwanza ni barabara. Barabara kuu ya Tunduma imejaa malori yanayokwenda Zambia na Kongo. Hapo si mahali pa kushindana. Hata barabara ya Mpemba kwenda Isongole, yenye miinuko na mabonde, haifai bila polisi kusimamisha magari kwanza. Salama zaidi ni njia ya kijijini ya kuzunguka mara nyingi. Wazee wanakaa kivulini wanaona yote.

Jambo la pili ni baiskeli. Za Wazungu wale hazipungui kilo 6.8, maana sheria yao inakataza kwenda chini ya hapo, na wengi huwa karibu na kipimo hicho. Zetu za keria zinafika karibu kilo 20. Si neno. Wote wakipanda za namna moja, haki imetendeka. Lakini kagueni breki kabla ya kuanza. Kagueni tairi na cheni. Asiye na breki asianze, hata kama ni mtoto wa mwenyekiti.

Jambo la tatu ni wasichana. Mara nyingi baiskeli ya nyumbani ni ya baba na ya mtoto wa kiume. Msichana anabeba ndoo kichwani, baiskeli imeegemea ukuta. Le Court na Vallières nao walikuwa watoto wa kike, na kuna mtu aliyewaachia baiskeli wapande. Mbio za wasichana ziwepo, na zawadi yao iwe sawa na ya wavulana.

Halafu tutabiri. Wanashindana watatu: mbeba mizigo wa Tunduma, kijana mwembamba wa Ileje, na kijana wa Mbozi aliyekuja na wadogo zake wawili wa kumsaidia. Mwisho wa mbio uko juu ya kilima, na upepo unatoka mbele. Mtamchagua nani? Na kama mwisho uko kwenye tambarare, je?

Msinijibu mimi. Jibizaneni ninyi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini anayekaa mbele muda mrefu huweza kushindwa?

2. Girmay alikuwa wa tano siku mbili kabla ya kushinda. Habari hiyo inatufundisha nini?

3. Kwa nini wakubwa walimwacha Vallières aende?

4. Katika kijiji chenu, ni njia ipi inafaa kwa mbio bila hatari ya magari?

5. Katika nyumba yako, baiskeli inapandwa na nani? Na nani haruhusiwi? Kwa nini?

Swali la tano mlijibu mkiwa pamoja, akina mama na akina baba. Nawatakieni mazungumzo mema.